Siku ya Kupandisha Kenchi

Iko siku moja, mwanangu, inayonijia kila nionapo watu wamekusanyika kwenye nyumba isiyo na paa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mlandege, hapa Iringa. Nilikuwa kijana mwenye duka dogo la nguo na ulimi mkubwa wa kupunguza bei, nami nilikuwa namjengea mama yangu nyumba. Baba alikuwa amefariki, mama kabaki Chimala, na mimi nikadhani yuko mpweke. Nilimwahidi kwamba akija kwangu hatakula tena peke yake.

Fundi wangu aliitwa Lameki, Mbena mmoja mpole. Kwa kuogopa kupunjwa, nilijifunza maneno yake yote. Nilijua msingi unataka kina gani. Nilijua kozi ni mstari mmoja wa tofali, nikawa nazihesabu asubuhi na kuzirudia jioni, kana kwamba ukuta ungeweza kutoroka. Nilijua linta hukaa juu ya mlango kubeba tofali za juu, na kenchi ni zile mbao za pembetatu zinazoshika bati. Hata timazi nilimnyang'anya nikapima ukuta mwenyewe. Alisubiri nimalize, kisha akapima tena.

Kuta zilipofika juu, jirani yangu Baba Yeremia alikuja, kofia mkononi.

"Jirani, siku ya kupandisha kenchi utatuambia. Tuko kumi na wawili."

Nikapiga hesabu palepale: wanaume kumi na wawili, masufuria mawili ya wali, na mbuzi. Wachukuzi wanne wa sokoni wangemaliza kazi ileile kabla ya adhuhuri, nao hawali kwangu.

"Msisumbuke, Baba Yeremia. Nimeshapata watu."

"Umeshapata," alisema, akavaa kofia yake.

Lameki alishuka kwenye ngazi. "Bwana mdogo, wale hawakufuata wali."

"Hujawaona wakila," nikamjibu.

Huku kwetu, mwanangu, aliyebeba mbao zako huingia kwako bila kubisha, akatazama juu na kusema, ile pale niliibeba mimi. Uliyemkataa hukusalimia kutoka barabarani, kwa adabu kabisa, akapita.

Mama alikuja na lori, na gunia lake la mchele. Alizunguka vyumba vyote akipapasa kuta, akasema zimenyooka. Siku ya kwanza alipika chakula cha watu sita. Siku ya tatu akapika cha watu wawili, na mimi mchana kutwa nilikuwa dukani. Siku ya tisa nilimkuta amefunga mzigo.

"Nyumba nzuri, baba," alisema. "Ila tangu nije hakuna aliyeniita. Chimala nikichelewa kufungua mlango, wanaugonga."

Nilikwenda kwa Baba Yeremia, nikamwomba waje, wakae naye kidogo, labda atabadili nia. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

"Kenchi zimeshapanda, jirani," alisema. "Sasa tukusaidie nini?"

Mama akarudi kwao. Aliishi miaka sita mingine, ndani ya kuta za udongo zilizokandikwa na majirani zake. Mimi nilibaki na vyumba vinne. Nilivihesabu mara mbili, vilikuwa vinne, na usiku nilisikia bati likijikunja kwa baridi.

Basi mwanangu, ukijenga, bishana na fundi upendavyo, pima kila ukuta. Lakini jirani akikuambia yuko tayari kubeba, mpe ubao abebe, hata kama huhitaji mikono yake. Pika huo wali, na siku hiyo usihesabu sahani. Ukiinunua kazi hiyo kwa wachukuzi, watu hawatakuja baadaye kukupa kile kisichonunuliwa.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele, na akuzeeshe kati ya watu watakaouliza umeamkaje.