Karamu ya Karani

Jumatatu nilikuwa kwenye baraza la boma, Biharamulo, nikisubiri kibali cha kupika pombe ya harusi ya mjukuu wangu. Karani, kijana wa pwani, alikuwa akitafuta kalamu yake. Tarishi mzee, mtu wa Ngara, akaiokota chini ya meza.

"Karamu yako hii, bwana."

"Karamu? Mzee, umeniletea pilau?"

Sisi wa foleni tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, hadi nikashika nguzo. Mzee akadhani hajasikika, akapaza sauti: "Karamu, bwana! Karamu!" Kicheko kikazidi. Hapo karani akaona sasa anachekwa yeye. Akainuka akamzaba mzee kofi, tarbushi ikaanguka.

Na asubuhi ile ile nilimsikia akimwamkia mzee huyo shikamoo.

Mzee akaokota tarbushi yake, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akarudi kusimama mlangoni. Mimi mwenye mdomo usiolala nilitazama vidole vya miguu yangu.

Ungedhani niliishia hapo. Jioni sokoni nilikisimulia kisa hicho mara tatu, na sauti ya mzee nikaiigiza.

Jana nilirudi kuchukua kibali. Karani akauliza kalamu iko wapi. Mzee akaionyesha kwa kidole, mdomo kaufumba.

Kofi lilikuwa la karani, ila mkono tulimwinulia sisi wa foleni. Na nyumbani kwangu, wajukuu ni mashahidi, hata mimi husema karamu.