Gari Lililofutwa Kumbukumbu

Nauza supu ya kuku ukuta kwa ukuta na gereji ya Ratmi Susilowati, hapa mjini Salatiga, kwa hiyo hasira zake nazijua vizuri. Ni mjane wa miaka arobaini na saba, mfupi, asiyeongea sana. Spana haishiki mara nyingi. Kazi yake ni kuchomeka mashine ndogo chini ya usukani, kusoma gari linalalamikia nini, kisha kuchunguza kama linasema kweli.

"Taa ikiwaka usiniambie kifaa kimekufa," huwaambia wateja. "Taa ni shahidi tu. Shahidi huulizwa maswali."

Kabla ya kufungua gereji alifanya kazi miaka tisa kwa wakala wa magari kule mji wa Semarang, akaondoka kwa ugomvi. Ugomvi wa nini, hakuwahi kuniambia.

Mwezi wa tatu mwalimu mstaafu Sutikno alimletea gari lake jipya. Alipokuwa akipanda mlima, dashibodi ilimwandikia kwamba nguvu imepunguzwa, aegeshe mahali salama, kisha maandishi yakapotea. Ratmi akapima betri, akapima nyaya moja moja, akalipandisha gari mlimani mwenyewe. Nyaya zote zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye programu ya giaboksi: giaboksi ikipata joto la kawaida tu la mlima, kompyuta ilidhani inaungua, ikakata nguvu. Akachapisha vipimo vyote, nakala moja akabaki nayo.

"Mwalimu, hili siliwezi. Programu mpya wanayo wakala wa Semarang tu. Wapelekee na karatasi hii, na usipande nalo mlima mpaka wakubadilishie."

Mwalimu akaenda. Wakafuta onyo, wakamwambia, "Mzee, gereji za mtaani kazi yao kutisha watu. Gari halina kitu." Akawaamini. Mashati yao yalikuwa yamepigwa pasi.

Wiki tatu baadaye alikuwa anapanda mlima kwenda Kopeng kwenye arusi, mkewe Kasiyem amekaa kiti cha nyuma na sinia la zawadi mapajani. Kwenye kona kali gari likakata nguvu, likaanza kutambaa. Lori la kabichi likawagonga kwa nyuma. Mwalimu alitoka na michubuko. Kasiyem alivunjika nyonga.

Wakala wakalichukua gari kulichunguza, wakalirudisha na barua: kumbukumbu ya gari ni safi, dereva alifunga breki ghafla.

"Wanasema mimi ndiye niliyemvunja mke wangu," Mwalimu alimwambia Ratmi, akampa barua.

Ratmi aliisoma amesimama. "Gari liko wapi?"

Lilikuwa uani kwa Mwalimu, limefunikwa turubai. Nilikwenda nao nikashika turubai. Ratmi akachomeka mashine. Kweli, hapakuwa na kosa hata moja. Akafungua ukurasa mwingine, ule unaoonyesha gari limekwenda umbali gani tangu kumbukumbu ifutwe. Kilomita mbili. Akatazama namba ya programu, akailinganisha na karatasi ya mwezi wa tatu. Hazikufanana.

"Wamefuta, wakaweka programu mpya, wakalijaribu kilomita mbili," alisema. "Kama gari halikuwa na kosa, programu walibadilisha ya nini?"

"Labda walisahau tu kuniambia," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, usinitie wazimu. Hizo kumbukumbu nimezifuta mimi kwa mikono hii. Miaka tisa. Tulikuwa tunaamriwa tufute kabla mwenye gari hajafika. Hakuna anayesahau."

Ndipo nikajua ule ugomvi ulikuwa wa nini.

Wakaenda kwenye baraza la malalamiko ya wateja. Upande wa wakala alikuja meneja Hendarto, bosi wa zamani wa Ratmi.

"Ratmi, una kinyongo cha zamani tu."

"Ninacho. Soma hiyo namba."

"Hiyo ni mashine ya bei rahisi."

"Basi lete yako. Gari lipo hapo nje. Ichomeke mbele ya hawa mabwana."

Hendarto hakuinuka. Baraza likapanga siku nyingine, lakini siku hiyo haikufika. Wakala walimfuata Mwalimu hospitalini: gari jipya na gharama zote za matibabu, ili mradi aondoe shauri na afunge mdomo. Akasaini.

Mimi ndiye niliyempelekea Ratmi habari. "Mkewe alikuwa anasubiri upasuaji, mama," nikasema.

"Najua. Sijakuuliza sababu."

Tangu siku hiyo hakuitikia salamu ya Mwalimu. Nilimwambia anamwonea.

"Sijasema namtendea haki. Nimesema nimekasirika."

Ila Ratmi mwenyewe hakuwa amesaini kitu. Alimpigia simu kila mtu aliyemjua mwenye gari la aina ile. Magari kumi na moja yalikuwa bado na programu ya zamani. Akawachapishia wote karatasi, akawaagiza waende Semarang kwa pamoja, siku ileile, saa ileile, na asiondoke mtu bila namba mpya ya programu. Wakaenda wakaziba lango la wakala mpaka wakahudumiwa. Mwezi uliofuata wenye magari ya aina ile wote walipata barua ya wakala ya kuwaita kwa "maboresho ya kawaida".

Ratmi aliisoma mezani kwangu, supu yake ikipoa. "Maboresho," alisema. Nyonga ya Kasiyem haikutajwa popote.

Kiangazi kilipoingia Kasiyem mwenyewe alikuja gerejini, anatembelea fimbo. "Nimekuja kumwombea radhi mume wangu."

"Dada, keti. Wewe huna la kuomba."

"Yeye yuko kwenye gari. Anaogopa kuingia."

Ratmi akamvutia kiti.

"Mwache aogope," alisema, akaniagiza mabakuli mawili ya supu, lake na la Kasiyem.