Siku Mjukuu Wangu Alipovuliwa Chuma

Kwetu upande wa Nuu mtoto akizaliwa hakuwa mtu siku hiyo hiyo. Alikuwa bado wa aimu, wale waliokufa. Siku ya nne babake anamvika mkufu mwembamba wa chuma, na hapo ndipo anahesabiwa kwa watu. Kanisa lilisema mambo hayo yaachwe, na mengi tuliacha kweli. Hata pombe niliacha, ingawa hiyo ni kwa sababu ya tumbo. Mkufu sikuuacha. Binti yangu alizaa nyumbani kwangu bila mume, mapacha. Mvulana akafa siku ya pili. Msichana nilimvika mimi, na bibi yangu, mtu wa kwaya, akaninunia wiki nzima.

Huyo msichana damu yake haikai. Inavunjika yenyewe, macho yanageuka manjano, analegea kama mboga iliyochumwa asubuhi. Tunaenda hospitali Kitui anaongezwa damu, tunarudi, tunaenda tena. Wajomba walitoa, kwaya ikatoa, hata mwenye buchari ambaye tulikuwa hatusalimiani alitoa. Halafu, miaka hiyo ya tisini, daktari akatuambia jambo lililonikaa vibaya. Kila damu ina chuma, na chuma cha hizo damu zote hakikutoka. Kimejaa kwenye ini, na kikizidi kitamuua. Kuna dawa ya kukitoa, lakini kwanza wajue ni kingi kiasi gani. Ama wamdunge sindano ndefu wanyofoe kipande cha ini, ama aende Nairobi kwa mashine mpya ya sumaku, inayoona chuma bila kumkata. Sindano mamake alikataa, na yeye hangeweza kuacha kibanda chake cha matunda kule Kambu. Kwa hivyo tukaenda mimi na mtoto.

Nesi wa huko alinivua mshipi, sarafu, hata kisu changu cha ugoro. Akauliza kama nina chuma mwilini. Nikamwambia labda cha jembe, akacheka. Kisha akaona shingo ya mtoto.

"Na hiyo, mzee."

Nikasema hiyo haitoki. Hakunidharau, alinieleza polepole kwamba sumaku ingeuvuta mkufu umkabe mtoto. Nikauliza kazi inachukua muda gani. Akasema kama wa kupika chai na kuinywa.

Niliugusa mkufu. Nikiuvua, kwa huo muda wa chai mtoto si wa watu, na yule mwingine yuko huko anamngoja. Nisipouvua, chuma cha ndani kinaendelea na kazi yake. Mtoto ndiye aliyeinua kidevu.

"Toa, Babu. Nimechoka kusimama."

Nikautoa.

Waliniruhusu nikae ndani nimshike kidole cha mguu. Wakamsukuma kwenye lile shimo la mashine. Sauti ya mtu ikamwambia avute pumzi aizuie, na kila akiizuia mashine inagonga. Inagonga kama mtu aliye mlangoni na anajua mko ndani. Inanyamaza, inagonga tena. Kidole kilikuwa baridi. Chumba chenyewe kilikuwa baridi, najua, lakini nilikishika kwa nguvu mpaka kucha zikauma.

Alipotolewa, yule wa mashine alishangaa. Watoto wengine hulia, wanapumua, picha inakuwa ukungu. Huyu alitulia kuliko watu wazima. Akamuuliza nani alimfundisha. Nilikuwa namvisha mkufu, ndipo mtoto akaniambia sikioni:

"Alikuwa anabisha. Nilinyamaza asijue niko."

Sikuuliza nani. Sijawahi kumwambia kuwa walizaliwa wawili. Baadaye nilimuuliza mamake, nikamuuliza bibi yangu, wote wakaapa hawakusema.

Majibu yalikuwa chuma ni kingi, lakini ini halijaharibika, dawa ianze. Nilishukuru mpaka nikakaa chini. Kisha daktari akasema kipimo kitarudiwa, ili waone kama dawa inafanya kazi, na kitakuwa kikirudiwa hivyo kila baada ya muda. Mtoto alisikiliza yote. Tulipotoka nje akanivuta koti.

"Safari ijayo akibisha, Babu, wewe umwambie sipo."