Wa Kuingia Naye

Sauti iliyonishtua siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ya fimbo. Tulikuwa katika darasa moja huko Madimba tukiendesha kura ya mazoezi, na Bi Somoe, mkulima wa mihogo asiyeona, alikuwa akiigonga fimbo yake sakafuni. "Nirudishie! Yangu hiyo!" Mwanawe, Saidi, alikuwa amemnyang'anya karatasi, naye anacheka. "Mama, utaweka alama kwenye meza."

Nilikuwa na shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, na sikuwa na la kufanya. Nikaanza kufafanua kanuni ya uamuzi wa mteja, yaani haki ya tunayemhudumia kujiamulia mambo yake, hadi Afisa Ustawi wa Wilaya akanivuta kando.

"Binti, hapa hakuna mtihani. Usimfundishe amchague nani. Muulize ataingia na nani."

Sheria humruhusu asiyeona kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe; mazoea ya nyumbani yalikuwa yameshamteua mtoto wa kiume. Nilipomuuliza, Bi Somoe hakusita. "Esha." Walichezwa unyago pamoja. "Ya unyago hajayasema mpaka leo. Atasema ya kura?"

Huo ukawa utaratibu wangu. Nilipohamishiwa mjini, Chuno, kusimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, niliwakataza kuhubiri wajibu wa raia kabla hawajajua kila mama asiyeona alichezwa na nani. "Mwalimu anatutuma ngomani," walitania, lakini walikwenda. Chaguzi zikapita, wanawake wakiingia wawili wawili, nami nikaamini kwamba nimejenga jambo. Sikuzingatia kwamba waliochezwa pamoja huzeeka pamoja.

Nilikuwa nimeshastaafu Bi Esha alipofariki, uchaguzi ukikaribia. Matangani Bi Somoe alinishika mkono. "Sasa nitaingia na nani, mwanangu?"

Nilikwenda kwa afisa aliyerithi kiti changu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanihakikishia kwamba mabango ya uhamasishaji yameshabandikwa kijiji kizima.

Ninyi mnaoisomea fani hii, nawaachia swali lililoninyima usingizi: je, nijitolee mimi? Mstaafu bado ni serikali machoni pa mama yule? Nikijitolea, atakuwa na ujasiri wa kunikataa? Na asipoweza kunikataa, nina tofauti gani na Saidi? Kanuni niliyoifundisha maisha yangu yote ilinifunga miguu hadi siku ya uchaguzi ikafika.

Mchana wa siku hiyo nikapiga simu.

"Bi Somoe, ukipenda, nakuja tuingie wote."

"Umechelewa, mwanangu. Nimeshaingia na Saidi."

"Ameweka alama pale ulipotaka?"

Nikaisikia fimbo ikigonga sakafu, mara moja tu, taratibu.

"Nitajuaje?"