Kadi Mbili Mkekani, Banissa

Najua wapo watakaosema niliota, au ni joto la Banissa lililonipanda kichwani. Waseme. Sikuwa na homa wala usingizi, na ilikuwa alasiri, si usiku. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya haya, na yupo mwenzangu mmoja ambaye mpaka leo hawezi kunicheka.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Mwingi, nikaletwa kufanya kazi katika kituo cha afya huku Banissa, kaunti ya Mandera, nisikojua mtu wala lugha. Aliyenipokea ni Hodhan, dada wa maabara, mzaliwa wa Garissa mjini. Tangu siku ya kwanza aliniita abaayo, yaani dada, na nyumba zetu za wafanyakazi zilitazamana.

Kaka yake Hodhan aliye ng'ambo alikuwa amemtumia mchezo wa mezani: vyombo vidogo vya angani, vya plastiki, vinavyopigana juu ya kitambaa cheusi chenye nyota. Unashangaa? Hata mimi nilishangaa. Lakini jioni za Banissa ni ndefu, nasi tuliupenda mchezo ule kuliko televisheni. Na utamu wake si vita. Utamu ni kabla ya vita, mnapochagua kadi. Kila kadi ina picha ya mtu: rubani, tabibu, fundi, mpiga mizinga. Ukimweka mtu huyo kwenye chombo chako, chombo kinapata uwezo mpya. Nafasi ni chache, kwa hiyo lazima uwaache wengine.

Hodhan alichagua kama anayechagua mchumba. Alisoma kila kadi, akairudisha, akaisoma tena. Tabibu lazima awemo. Tabibu yule alikuwa mwanamke mwenye kitambaa kichwani, basi tukamwita Hodhan. Rubani mzee tulimwita Adeer, yaani ami, kwa sababu alifanana na Adeer Adan, dereva wa kituo chetu, na ndevu zake za hina. Kulikuwa pia na kamanda mmoja ambaye uwezo wake ni kumtoa mtu wako afe ili chombo kipone. Huyo Hodhan alimkataa kabisa.

"Watu si kuni, abaayo," alisema, akamtupa chini ya boksi. Hakuwahi kutoka humo.

Siku yenyewe Hodhan na Adeer Adan walitoka asubuhi na gari la kituo kwenda kuchanja watoto vijijini. Mimi nilikuwa na mapumziko. Alasiri ukaja upepo wa vumbi, ule mwekundu unaokufanya uwashe taa mchana. Simu zikapoteza mtandao. Nilikuwa nimechemsha chai ya maziwa na kutandika mkeka, vyombo vyetu vya angani nimevipanga, nikimngoja.

Mlango ukafunguka. Hodhan akaingia, akaketi mbele yangu.

"Mmerudi mapema," nikamwambia.

Akalivuta boksi la kadi. Nikammiminia chai, hakuigusa. Nikasema moyoni, amechoka. Lakini niamini, mwili wangu ulikuwa umeshajua kitu ambacho akili ilikuwa bado inakikataa. Nje hata mbuzi hakuonekana kwa vumbi, ilhali buibui lake halikuwa na chembe, kama limetoka kupigwa pasi. Na Hodhan, ambaye hajawahi kuvuka mlango wangu bila salamu ndefu, mpaka aulize na afya ya mama yangu, alikuwa hajanisalimia.

Alikuwa anachagua. Haraka, bila kusoma. Mpiga mizinga. Mpiga mizinga mwingine. Kisha akatia mkono chini kabisa ya boksi, akamtoa yule kamanda na kumweka mbele ya wote.

Nilikuwa nimemwona Hodhan akichagua jioni nyingi mno. Mikono ile ilikuwa yake, pete ilikuwa yake, lakini haikuchagua kama yeye.

Akalaza kadi mbili mkekani, upande kwa upande. Tabibu na rubani.

"Chombo kina nafasi moja," akasema. Sauti ilikuwa ya Hodhan. "Chagua atakayerudi."

Wewe ungefanya nini? Mkono wangu ulianza kwenda wenyewe kwa tabibu. Kidole kilikuwa karibu kuigusa picha ndipo nikaona jinsi alivyoinama, mdomo wazi kidogo, kama mtu mwenye njaa anayesubiri sahani ifunuliwe. Hapo nikaelewa kwamba hatuchezi.

"Hodhan," nikasema, "mama yangu anaitwa nani?"

"Chagua."

"Nimekuuliza, mama yangu anaitwa nani?"

"Usipochagua, nitachagua mimi."

Nikazikwapua kadi zote mbili, nikazibana kifuani. "Ni wangu wote wawili! Sichagui! Kwa jina la Yesu, sichagui!"

Akaninyooshea mkono, taratibu, bila hasira. Baridi ya mkono ule niliisikia kabla haujanifikia. Nikafumba macho. Mlango ukajipiga ukutani, vumbi likajaa chumbani. Nilipofumbua, upande wa pili wa mkeka hapakuwa na mtu. Chai niliyoimimina muda mfupi tu uliopita ilikuwa na utando juu, baridi kama maji ya mtungi.

Nilikimbia bila viatu hadi kituoni. Gari halikuwa limerudi. Msimamizi alitaka tungoje upepo utulie. Nikapiga kelele mpaka dereva wa lori la maji akaniambia, "Sista, usilie. Twende bamoja."

Tulifuata njia waliyopita asubuhi, tukawakuta lagani, kwenye ule mto mkavu unaofurika ghafla mvua ikinyesha mbali. Gari lilikuwa limelala ubavu katikati ya maji, nao wamekaa juu yake. Adeer Adan alikuwa amevunjika mguu, na Hodhan alikuwa amemshika mkono. Wakavutwa kwa kamba, mzee kwanza, jua likizama.

Hodhan alipofika ukingoni nilikwenda kumkumbatia. Akarudi nyuma akipiga kelele.

"Usinikaribie!"

Ilimchukua siku kadhaa kunieleza. Maji yalipokuwa yanapanda, aliniona mimi nimesimama ukingoni, nimevaa sare yangu ya kazi. Nilikuwa nikimwita: mwachie mzee, wewe ni mwepesi, ruka nikudake.

"Nilikuwa nimeshafungua vidole," aliniambia akilia. "Lakini ulikuwa unaongea Kisomali safi, abaayo. Wewe hata kuhesabu hujui."

Adeer Adan sasa anatembea kwa fimbo, na usukani hataki tena hata kuuona. Alisomewa dua na masheikh, mimi nikaombewa kanisani. Hodhan alihamishiwa Garissa. Tunapendana bado, nikipita huko nalala kwake. Lakini tukibaki wawili tu chumbani, huwa tunatazamana kwa muda kidogo, na kila mmoja anajua mwenzake anajiuliza nini. Kisha yeye huinuka kumwita binti wa jirani aje akae nasi. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Basi wewe unayenisikiliza, siku ukiambiwa uchague kati ya watu wako wawili, usijibu, hata kama anayekuambia ana sura unayoipenda. Hasa akiwa na sura unayoipenda.