Nilimwandikia Kazi Asiyoniomba, Kisha Nikamwacha Ashtakiwe Peke Yake

Kosa ni langu, na sitalipunguza. Nawaandikia ninyi nisiowajua kwa sababu wanaonijua huniamkia kwa heshima nisiyoistahili.

Nililitumikia jeshi kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Kwale na kujiunga na shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya wikendi, pale Ukunda. Niliingia darasani na hofu. Wenzangu walikuwa mameneja wa hoteli na maafisa wa benki. Mimi nilijua doria na gwaride. Hata hivyo, jeshi lilinifaa kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kukata shauri huku habari zikiwa nusu, na hilo ndilo mwalimu wa mikakati alilolitaka. Nilikuwa nimezoea kukaa na wenzangu baada ya kila kazi, tukaulizana bila kuoneana haya tulikosea wapi. Kundi letu likawa la kwanza darasani. Mkuu wa idara akaniita mfano.

Mfano! Ya Rabi!

Katika kundi letu la watu wanne alikuwamo dada mmoja, nitamwita Mwanasha, mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Diani. Tulikuwa tukiandaa mpango wa biashara wa kina mama wakulima wa mwani, na sehemu ya masoko ilikuwa yake. Wiki ya kuwasilisha, mamake akalazwa Msambweni, naye akawa analala kitini kando ya kitanda.

"Kaka, nitamwomba mwalimu muda," aliniambia kwa simu. "Ni mwelewa, atanipa."

"Kundi letu haliombi muda, dada. Wewe muuguze mama."

"Na sehemu yangu?"

"Niachie mimi."

"La, kaka, usi—"

Nikakata simu.

Jeshini, mwenzako akichoka safarini, unamvua mzigo wa mgongoni, unaubeba, na kamanda hajui. Hakuna anayeomba ruhusa. Hayo ndiyo mapenzi yetu. Basi niliiandika sehemu yake yote, nikatia jina lake, nikaiwasilisha. Nililala usingizi wa mtu aliyetenda wema!

Siku ya mahojiano juu ya kazi ile, mwalimu alimuuliza kila mmoja kuhusu sehemu yake. Swali la kwanza, Mwanasha alinyamaza. La pili, alinitazama. Nami nilikaa wima, macho mbele, kama niko mbele ya jenerali.

Kamati ya nidhamu ikatuita sote. Mwanasha hakunitaja. Alisema tu, "Sikuandika mimi. Aliyeandika yumo humu, na mdomo anao."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Sikusema. Nilijiambia nitasema akimaliza kuhojiwa. Nikajiambia huenda wakampa onyo tu. Nikajiambia kwamba nikisema, nitawafungia mlango askari wote watakaoomba nafasi baada yangu. Niliyapanga mawazo hayo kwa ustadi, na kila moja lilinielekeza kwenye kimya. Ukweli ni mfupi: niliogopa. Mimi, niliyewahi kukabidhiwa roho za watu!

Mwanasha aliondolewa masomoni. Mimi niliendelea.

Kisha mkuu wa idara akaniomba nizungumze na wastaafu wa jeshi wanaotaka kujiunga, niwaeleze jinsi maisha ya kambini yanavyomsaidia mtu kufaulu katika biashara. Nilianza kuandaa hotuba. Nilipofika kwenye neno "uaminifu", niliweka kalamu chini. Asubuhi yake nilikwenda Tiwi, nyumbani kwao.

Mamake, ambaye alikuwa amekwisha pata nafuu, alikuwa barazani akikuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa." Hakujua lolote. Aliagiza niletewe chai!

Mwanasha akatoka ndani. "Ah, afande! Leo umekuja kubeba nini?"

Nilimwambia kwamba nakwenda kukiri mbele ya kamati. Alicheka, kicheko kikavu.

"Nenda. Watasema, mtazameni askari, ana ujasiri. Hata kosa lako litakupandisha cheo. Na mimi? Mimi nitabaki yule mwanamke aliyeandikiwa."

"Utarudishwa, dada yangu."

"Nilikuomba uniandikie? Nilitaka muda tu, kaka. Muda! Ningeiandika mwenyewe, pale pale kwa mama."

Niliiacha chai, nikamuaga mama.

Nimekwenda mbele ya kamati, nimesema yote. Hotuba nimeikataa, na kesi yangu itasikizwa. Nafasi yake wamekubali kumrudishia, lakini sharti aiombe mwenyewe kabla ya muhula kufunguliwa. Hataki. Simu zangu hapokei. Kila ujumbe ukiingia moyo unaruka, kumbe si yeye. Muhula unafunguliwa Jumatatu, na mimi sili, silali, nahesabu tu yale maneno machache ambayo ningeyasema siku ile.

Ndugu zangu mnaovua magwanda na kuingia darasani, jeshi litawafaa, siwadanganyi. Lakini msimfanyie mwenzenu jambo kabla ya kumsikiliza mpaka mwisho wa sentensi yake. Na siku itakapoulizwa ni nani, semeni hapo hapo, angali amekaa kando yenu. Mimi nilisema baadaye, kiti chake kikiwa kitupu.