Mama wa mteja wangu na wakili wa kwenye runinga

Leo nimefutwa kazi na mama aliyeniona kwenye runinga.

Mimi sijawahi kutokea kwenye runinga.

Mwanawe yuko rumande kwa kesi ya mauaji. Jumatatu tunaingia kortini. Nimepanda ngazi za nyumba yao, hapa Mji wa Kale, kumpa habari njema: shahidi aliyemwona kijana akiwa kwingine usiku ule amepatikana.

Nilikuwa na karani wangu, Hamisi. Mama akampokea mkoba. "Karibu wakili."

"Wakili ni huyu," Hamisi akasema.

Mama akaniangalia. Kisha akaitazama runinga, maana ilikuwa inawaka.

Ile tamthilia ya polisi mnaijua. Wakili ni mwanamke, viatu virefu, anampenda inspekta. Akishindwa kesi hukimbilia chooni kulia. Na hushindwa kila wiki.

"Usinielewe vibaya, mwanangu," mama akasema taratibu, huku akinimiminia kahawa. "Nina mtoto mmoja tu. Sitaki wakili wa kulia."

Nikamweleza habari ya shahidi.

Akamgeukia Hamisi. "Ni kweli asemayo?"

Hamisi akajibu ni kweli. Hapo ndipo akaamini.

Lakini akasema ami wa kijana atatafuta wakili mwanamume kabla ya Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Nikaingia kwenye tuktuk. Nimejizuia nisilie hadi mtaa wa Tudor. Yule mwanamke wa kwenye runinga amenichukulia hata kilio changu.

Mawakili wanawake mlio humu, nyinyi mnalilia wapi?